UZI: Ilimba ya Kigogo – kuipiga, kuisoma na kuiunda bila kumaliza mninga

MvutaZeze (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilichangia kwenye uzi wa ngoma za asili nikataja kwamba naunda marimba ya mkono, vyuma juu ya sanduku la mbao vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile ambayo sisi Wagogo tunaiita ilimba. Tangu siku hiyo PM hazikauki: bei gani, mbao gani, unafundisha? Nimeona nimwage yote hapa mara moja. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mzaliwa wa Chamwino, Dodoma. Napiga ilimba na zeze, wikiendi hotelini, na harusi zikitokea. Muziki nimeusomea chuoni miaka mitatu. Karakana ninayo, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, mbuzi wa mama wanaingia wakijisikia. Watu huniuliza: sasa wewe ni msanii, msomi au seremala? Zamani nilijibu "msanii" ili maswali yaishe. Siku hizi nashindwa kujibu, na kisa ni hiki.

Nikiwa mwaka wa pili nilirudi likizo na programu ya kupimia sauti kwenye simu. Unapiga noti, ikiwa sawa inawaka kijani, ikiwa siyo inawaka nyekundu. Nikachukua ilimba ya mzee aliyenifundisha, kaka yake bibi, kwangu babu. Nikapima chuma kimoja kimoja. Nyekundu, nyekundu, kijani, nyekundu. Nikajisemea babu amezeeka, sikio limechoka. Nikachukua nyundo ndogo.

Kwa wasiojua: vyuma vya ilimba vimelazwa juu ya kidaraja na kubanwa katikati kwa chuma cha kukatiza. Ukivuta kimoja kije mbele, sehemu inayotikisika inakuwa ndefu, sauti inashuka. Ukikirudisha nyuma, inapanda. Unene wa ukucha tu unabadilisha mambo. Nikashinda nagonga mpaka vyote ninavyovipiga vikawaka kijani. Vipo vingine ambavyo vidole havivigusi kabisa. Hivyo nikaviacha, maana havipigwi, vya nini kuhangaika navyo.

Jioni babu akaishika, akapiga kidogo, akaiweka chini. Hakukasirika. Aliniuliza swali moja: "Umemtoa nani humu ndani?"

Ilinichukua miaka miwili kujua nilimtoa nani. Nivumilieni kidogo hapa kwenye hesabu, ndiyo sehemu ninayoipenda.

Chukua uzi wa zeze unaotikisika mara 100 kwa sekunde. Uzi huo hautikisiki ukiwa mzima peke yake. Unatikisika pia kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo. Kwa hiyo ndani ya sauti ya 100 kuna 200, 300, 400 na kuendelea, ndogondogo, zimebebwa na ile kubwa. Gusa uzi kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, uvute upinde, utazisikia zikichungulia. Muziki wetu umekaa juu ya ngazi hiyo: 600, 700, 800, 900, 1000. Sauti tano. Ukifika 1200 ni ileile 600, imepanda tu. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyezunguka sana Afrika, aliliandika hili kuhusu Wagogo, na nilipolisoma maktabani nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Sasa ipange piano ili 800 ikae sawa. Zinazobaki piano itakupa 599, 713, 898 na 1008. Tatu haziko mbali, sikio linasamehe. Ya pili ndiyo balaa: 700 imekuwa 713. Simu yangu ilikuwa inadai 713. Babu alikuwa na 700, bila simu, bila kitabu, kwa sikio alilorithi.

Na vile vyuma visivyopigwa? Vipo ili viitikie. Ukipiga jirani yake mwenye sauti inayolingana, chenyewe kinaamka na kuimba bila kuguswa. Mimi niliwahamisha wapigwaji, waitikiaji nikawaacha palepale. Wakawa wanangoja sauti ambazo hazikuwepo tena. Ndiyo maana ilimba ilikuwa "kijani" yote na imekufa yote.

Kuanzia hapo nikaacha kuyatenganisha haya mambo. Kama ningekuwa mpigaji tu, ningesikia imekufa nisijue kwa nini. Kama ningekuwa msomi tu, ningeandika 700 kwenye karatasi na nisingeweza kuivuta kwenye chuma. Na seremala asiyepiga ataunda sanduku zuri la kuwekea vyuma.

Tuje kwenye mti, najua wengi mlikuja kwa ajili hiyo.

Ilimba ya kizamani inachongwa kwenye gogo moja. Unalichimba ndani liwe kama mzinga, kisha unaliziba kwa ubao. Inapendeza, na sauti yake ina kifua. Lakini niliwahi kupima vipande vilivyotoka nikichimba ilimba moja ya mninga: ndoo mbili kubwa, zimeshindiliwa. Kilichobaki mkononi ni kama sehemu ya tano ya gogo. Mninga huo ulikuwa mti miaka mingi kabla sijazaliwa. Wanaoujua watasema nao ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mimi siyo mtu wa huruma na miti kupita kiasi, ila ndoo mbili za chembechembe zilinikaa rohoni.

Nikaanza kuunda sanduku kwa mbao nyembamba, kwa mabaki ya mafundi wa samani. Fundi wa kabati anatupa vipande vya sentimita 40 ambavyo kwake ni kuni. Kwangu ni ilimba nzima na kidaraja chake.

Hapo nikapata pigo la pili. Karakana moja jijini iliniuzia mninga "mkavu". Nikaamini. Nikaunda ilimba nzuri, vyuma 36, mteja Oslo. Ilifika Novemba. Januari akanitumia picha: ufa kutoka tundu la sauti mpaka ukingoni, kidole kinaingia. Kule wakati wa baridi nyumba zinapashwa joto, hewa ya ndani inakauka kuliko hata Dodoma mwezi wa Septemba, na ubao wangu ulikuwa bado na maji. Nilimrudishia hela yake yote.

Sasa simwamini muuzaji, naamini mzani. Kila kipande nakiandika tarehe kwa kalamu ya risasi, nakipima kila Jumapili kwa mzani wa duka la jirani. Kipande kimoja kilianza kilo 3.4, kikashuka mpaka 2.5, kikagoma hapo wiki tano mfululizo. Hicho ndicho kikavu. Wazee wa useremala husema inchi moja mwaka mmoja, na sijaona sababu ya kuwabishia.

Vyuma: spoku za baiskeli, mbavu za mwavuli, misumari niliyoiponda. Spoku inalia kwa ukali, msumari unalia kwa upole. Nachanganya.

Na jambo la mwisho, ambalo wageni hudhani ni kasoro. Ilimba yetu ina kitundu kinachozibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe kama karatasi anaofunikia mayai yake ukutani. Unaubandua kwa kisu butu, unaubandika kwa mate au utomvu. Sauti ikipita, utando unatetemeka, mlio unakuwa kama wa nyuki ndani ya mzinga. Mzungu mmoja hotelini aliniambia spika yangu imepasuka. Hakukuwa na spika.

Karibuni kwa maswali. Picha nitatupia kesho, bando limekata.

---

Mzee_wa_Kibakwe

Mbukwa! Umenikumbusha mbali. Ila umeandika uzi wa ilimba bila kumtaja Hukwe Zawose? Kijana, unataka kupigwa fimbo?

MvutaZeze

Mbukwa mzee wangu, shikamoo. Sikumsahau, niliogopa nikianza kumsimulia nisimalize. Alitoka Doduma hukuhuku Ugogoni, Mwalimu Nyerere akavutiwa naye akamwalika Dar, na baadaye akawa mwalimu pale Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ndiyo TaSUBa. Watu wanamkumbuka kwa ile sauti yake, kutoka chini ya ardhi mpaka juu ya paa kwa pumzi moja, na kwa Chibite aliyoitoa 1996 kwa lebo ya Real World. Wanasahau kwamba alikuwa anaunda. Alichukua zeze la nyuzi chache akaliongezea nyuzi, akaifanya ilimba kuwa kubwa zaidi. Anayeongeza uzi kwenye zeze lazima ajue uzi huo utaingia wapi kwenye ngazi niliyoieleza. Sasa huo ni utafiti au siyo utafiti? Alifariki Desemba 2003 na familia yake wanaendelea kupiga na kuunda Bagamoyo.

Mzee_wa_Kibakwe

Marahaba. Hapo sawa. Na Mapana je?

MvutaZeze

Dk. Kedmon Mapana naye ni mtoto wa hukuhuku, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaanzisha tamasha la muziki wa Wagogo, kisha akawa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa upande wa kupiga na kusoma ni mfano mzuri. Mimi natafuta na mguu wa tatu, karakana.

---

DadaMkweli

Uzi mzuri, ila mmeanza kama kawaida, wanaume peke yao. Kwa Wagogo ngoma ya muheme wanapiga wanawake, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, na hakuna mwanaume anayewafikia. Mbona hukuwagusa?

MvutaZeze

Umenipata dada. Mama yangu mwenyewe anapiga muheme, na akijua nimeandika yote haya bila kumtaja leo nalala njaa. Jibu la kweli ni kwamba ngoma siundi. Najua ilimba na zeze. Anayeunda muheme aje atufundishe.

DadaMkweli

Msalimie mama. Mwambie kuna mtu mtandaoni anamtetea.

---

Mpenda_Haki

Samahani nitatibua. Kwa nini lazima Mgogo athibitishiwe na Kubik? Babu yako alijua 700 bila Mwaustria. Wewe ulikuwa na jibu nyumbani, ukaenda kulitafuta maktabani. Halafu kazi zenyewe za wazee wetu ziko kwenye makabati ya watu. Tunasomewa muziki wetu kwa lugha yao, sisi tunapiga makofi.

MvutaZeze

Mkuu, hoja yako ina uzito, sitaikwepa. Ni kweli jibu lilikuwa nyumbani. Lakini babu hakuwa na maneno ya kulieleza, alikuwa na swali moja tu, "umemtoa nani". Mimi niliyeharibika sikio kwa simu nilihitaji namba ili nirudi. Kubik hakumfundisha babu kitu. Alinifundisha mimi kumwelewa babu.

Kuhusu makabati, nakubaliana nawe zaidi. Hugh Tracey, mkusanya muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na Kenya mwaka 1950 akirekodi, Wagogo wakiwemo. Rekodi ziko Afrika Kusini, kwenye ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954. Mimi kusikia Wagogo wa 1950 wakipiga ilimba nilinunua CD iliyotolewa Ulaya. Nilicheka mwenyewe, ila nilisikiliza mara ishirini.

Nyatiti_Siaya

Jambo ndugu zangu wa Bongo. Hilo la makabati nilijazie kidogo. Huku Kenya mwaka 2014 ILAM walishirikiana na Ketebul Music, shirika la muziki la Nairobi la Tabu Osusa, wakazirudisha zile rekodi za 1950 kwa Wakipsigis, vijijini kabisa. Wazee waliokuwa vijana wakati ule walisikizwa sauti zao. Kwa hivyo inawezekana. Nyinyi mliuliza?

MvutaZeze

Nimeuliza rafiki yangu, hapa ndipo nauliza 😅. Lakini asante, hiyo ni njia.

Mpenda_Haki

Sawa, nimelegea kidogo. Kidogo tu.

Nyatiti_Siaya

Sisi tuna mambo yetu pia. Mpiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo, hana mikono tu, ana gara (njuga) mguuni na pete ya chuma kidole gumba cha mguu, anagonga ukingo wa nyatiti kama ngoma. Fundi akiunda ukingo mwembamba, pete inaula ndani ya mwaka. Fundi asiyepiga hatajua hilo mpaka mteja arudi kulalamika. Kwa hivyo ile hoja yako ya kwanza naiunga mkono kwa miguu yote miwili.

---

kalimba_lover_DSM

Mimi nina kalimba ya funguo 17 niliyoagiza mtandaoni, ya China. Ni ilimba hiyo au ni kitu kingine?

MvutaZeze

Ni mpwa wake. Hugh Tracey huyohuyo, akiwa Afrika Kusini, alianza 1954 kutengeneza kalimba yenye sauti za do-re-mi ili iuzike duniani, na mbao waliyoipenda wanaiita kiaat. Unajua kiaat ni nini? Ni mninga wetu. Mwanawe Andrew, aliyefariki 2024, ndiye mfano mkubwa wa watu wa aina niliyokuwa naisema: alipiga jukwaani mpaka Broadway, akaongoza ILAM kwa miaka mingi, akaandika kuhusu mbira za Zimbabwe na kwingineko, na familia yao ikawa na kiwanda cha vyombo. Wachina wamechukua ule mpangilio wa sauti ya chini katikati, zinazopanda zikipokezana kulia na kushoto.

Yako ipige bila wasiwasi. Usiniletee tu niirekebishe iwe ya Kigogo, kidaraja chake hakiruhusu.

---

Mwanakilwa

Naomba kuuliza. Ukisema mti wa muziki, sisi Kusini tunajua mpingo. Klarineti za dunia, obo, zumari la mfuko la Waskoti, vyote vinatoka kwetu na Msumbiji. Wewe mpingo hautumii?

MvutaZeze

Natumia kwa kidaraja tu, na vipande vidogo. Mpingo ni mzito, ukitupa majini unazama. Kwenye klarineti inayotikisika ni hewa ya ndani, ubao kazi yake ni kutulia na kushika tundu lisibadilike, ndiyo maana wanautaka. Kwenye ilimba ubao wenyewe lazima utikisike. Sanduku la mpingo litakaa kimya kama mzee aliyenuna. Hebu tueleze ya Kilwa, naona unayajua.

Mwanakilwa

Nayajua kwa sababu nimekulia humo. Mpingo unachukua miaka 70 mpaka 100 ufae kuvunwa, na ukishaukata, mara nyingi katikati una tundu au umejipinda. Kinachotoka kiwandani kikiwa kizima kwa ajili ya vyombo huwa chini ya asilimia 10 ya gogo. Zamani kijiji kilikuwa kinaona lori tu linapita. Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyoruhusu vijiji kutenga msitu wao, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Kijiji cha Kikole, wilaya yetu, kiliingia kwenye mpango huo, na 2009 msitu wa vijiji vya huku ukapata cheti cha FSC, cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri. Hela ya magogo ikajenga vitu ambavyo unaweza kuvigusa.

Ila msidhani adui wa mpingo ni mpiga klarineti. Adui ni moto na mashamba ya ufuta. Ufuta unalipa, mtu anafyeka ekari tano, anachoma, mpingo ndani yake unaungua pamoja na vichaka. Mkaa nao usiseme. Klarineti zote za dunia haziwezi kula kinacholiwa na jiko.

Mzee_wa_Kibakwe

Kaskazini pia kulikuwa na marehemu Sebastian Chuwa, Moshi. Yeye na Mmarekani mmoja, James Harris, mchonga mbao kwa mashine, walianzisha mradi wa kupanda mpingo mwaka 1996. Miche mingi ilipandwa na watoto wa shule. Waliipanda wakijua mvunaji atakuwa mjukuu wa mjukuu.

MvutaZeze

Wote wawili asanteni, hii imeniongezea. Na kwa wanaotaka kuuza nje: jenasi yote ya mpingo iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, Januari 2017, wapiga vyombo wakapata shida mipakani, mpaka vyombo vilivyokamilika vikaachiliwa 2019. Mninga nao uliingizwa kwenye mkutano wa Panama 2022, lengo likiwa magogo na mbao. Kabla hujatuma hata kipande kimoja cha ubao nenda TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwanza uulize. Usitegemee uzi wa mtandaoni, ukiwemo huu.

---

Ssalongo_Kla

Nawasoma kutoka Kampala. Tatizo letu siyo mti, ni ngozi. Engalabi, ile ngoma ndefu, inafunikwa kwa ngozi ya kenge. Kenge wenyewe wanapungua. Kuna wanaoweka ya mbuzi, lakini sauti inakuwa nzito, ile ncha inapotea. Wewe zeze unafunika na nini?

MvutaZeze

Mbuzi, ndugu. Mwembamba, mtoto, nakwangua mpaka mwanga unapita. Kwa zeze dogo inakubali. Kwa engalabi naelewa shida yako, unaipiga kwa viganja na unataka ile "ta!" kali. Ulijaribu kuikwangua zaidi katikati kuliko pembeni?

Ssalongo_Kla

Katikati hapana. Nitajaribu. Ikipasuka nitakuandikia.

MvutaZeze

Na mimi nitakujibu kwa mbuzi mwingine, hapa wamejaa. Halafu kitu kingine kuhusu zeze: mwili wake ni kibuyu. Unapanda mbegu mvua za kwanza, msimu ukiisha una kibuyu. Chombo chenye heshima kabisa na hakuna mti ulioanguka. Huwa nashangaa watu wanapoleta "teknolojia rafiki kwa mazingira" kwa semina za siku tatu, wakati mama zetu wana vibuyu juu ya paa.

---

MtotoWaKeko

Mkuu MvutaZeze mimi niko Keko, Dar, tunatengeneza vitanda na makabati. Nimesoma mwanzo mpaka hapa. Sisi vipande vya mninga tunauza kwa mama ntilie, gunia kwa gunia. Sikujua kuna mtu anavitafuta. Unataka vya vipimo gani?

MvutaZeze

Ndugu yangu, Mungu akubariki. Urefu kuanzia sentimita 25, upana 12, unene hata sentimita moja unatosha. Visiwe na fundo katikati, pembeni sawa. Nyuzi za ubao zitembee kwa urefu, siyo kwa upana. Ule weupe wa pembeni usiniwekee, wadudu wanaupenda kuliko mimi. Nakulipa kuzidi mama ntilie, naye mtafutie kuni nyingine ili asinilaani.

MtotoWaKeko

Vikavu au vibichi?

MvutaZeze

Vyovyote. Mzani ninao.

DadaMkweli

Swali dogo kabla hamjamaliza biashara. Ilimba ya sanduku na ile ya gogo, zinalingana? Kwa uaminifu.

MvutaZeze

Kwa uaminifu, hapana. Ya gogo ina kifua, nimeshasema. Ya sanduku inajibu haraka, iko wazi, hotelini yenye kelele inasikika vizuri zaidi. Babu anaiita ya sanduku "redio". Hajasema kama ni sifa au ni tusi, na mimi sijamuuliza. Gogo naunda bado, moja kwa mwaka, kwa mti ulioanguka wenyewe au uliokufa shambani kwa mtu. Mwaka jana sikupata, sikuunda.

kalimba_lover_DSM

Na ile ilimba uliyoiharibu, iliishaje?

MvutaZeze

Tulikaa jioni tatu kuirudisha. Babu anavuta chuma, anaimba kidogo puani, anavuta tena. Kile cha pili, cha 700, akanipa mimi nyundo. Nikikosea haongei, anakohoa. Nilikoholewa sijui mara ngapi. Mara ya mwisho nikagonga, nikapiga, kimya, halafu vile vyuma visivyopigwa vikaanza kuimba vyenyewe. Akaichukua akaenda nayo ndani.

MtotoWaKeko

Mkuu, basi la kesho saa 12 asubuhi. Gunia mbili, nimeandika MBAO kwa rangi nyekundu. Kondakta anasema ni nzito, njoo na mtu wa kukusaidia.